Anwani ya Binti Yangu

Shule ya mtaa wetu haikufungwa. Ofisa wa elimu alilirudia hilo mpaka tukalishika: imeunganishwa. Kufungwa ni jambo jingine. Alisimama ndani ya darasa lenye ufa ulioanzia chini ya dirisha ukapanda hadi kwenye mbao za paa, akatuonyesha ufa huo kwa fimbo ya kuchapia watoto. Akasema haiwezekani kuweka watoto wadogo chini ya ukuta kama ule. Alisema kweli. Ufa huo sisi wenyewe tulikuwa tumempelekea kwa barua miaka miwili mfululizo.

Matofali ya shule ile yalifyatuliwa na wazazi wa Chang'ombe yetu ya Dodoma, enzi za kujitegemea, kabla mimi sijaolewa huku. Mama mkwe wangu alibeba maji ya kufyatulia. Siku ya mkutano alikuja na kigoda chake, akakaa mbele kabisa, akamsikiliza ofisa hadi mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili chake chenye Kigogo ndani yake, "Sasa mwanangu, ukiunganisha mbuzi wa zizi hili na wa zizi lile, hili zizi linabaki la nani?"

Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache likiwa limepakiwa kwenye lori. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kimeshakuwa ruksa, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ananunua mahindi Kibaigwa alikuwa anatafuta pa kuyaweka mjini. Lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa darasa la kwanza. Wapagazi wakaanza kushusha. Ukuta usiofaa kuegemewa na mtoto wa miaka saba ukaegemezwa magunia mpaka yakafika juu ya ubao. Nilisimama nikatazama kama watu wengine. Kwenye ubao palikuwa bado pameandikwa hesabu za kujumlisha.

Watoto wetu walipelekwa shule ya ng'ambo ya korongo. Asiyeijua Dodoma atasema korongo ni nini, ni mchanga tu, watu wanachota wa kujengea. Ni mchanga miezi minane. Kuanzia Desemba maji yanashuka kutoka juu, mekundu, na yanaweza kukukuta huku kwenu hakujanyesha hata tone. Shule inafunguliwa Januari.

Kulikuwa na shule nyingine, ya karibu, robo saa kwa mguu wa mtoto, njia tambarare. Ilikuwa mtaa wa watumishi wa serikali, mtaa uliopimwa, wenye mawe ya mipaka kila kona na namba ya kiwanja kwenye kila mlango. Niliifahamu vizuri kuliko ofisa, kwa sababu siku tatu kwa wiki nilikuwa nafua na kupiga pasi kwenye nyumba moja huko, na njia yangu ilipita nyuma ya madarasa. Madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Watumishi wengi walikuwa wamehamia Dodoma wao na masanduku yao. Wake na watoto wamebaki Dar es Salaam kwenye shule walizozizoea.

Mkutanoni niliuliza kwa nini wetu wasiende pale.

"Dada, unaonekana umesoma," ofisa akasema. "Umefika kidato cha ngapi?"

"Cha nne."

"Basi wewe utanielewa. Ile shule ina eneo lake."

"Eneo lake ni lipi?"

"Lile lililopimwa."

"Na sisi?"

"Ninyi mtapimwa," akasema, akakaa.

Sisi tulikuwepo kabla ya hayo mawe. Ila kwenye ramani aliyoibandika ukutani, mahali petu palikuwa peupe, pamepigwa mistari ya penseli.

Mwaka huo binti yangu wa kwanza alikuwa ametimiza saba. Jirani yangu, tuliyetumia naye ua mmoja na bomba moja, alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi mmoja na wangu. Yeye alikuwa ametoka vijiji vya Chamwino, hakuwa na shule nyingi lakini mdomo alikuwa nao. Tulikubaliana twende wote shule ya karibu siku ya kuandikisha. Kama ni kukataliwa tukataliwe tukiwa tumefika.

Nilikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, zamani. Ilikuwa kwenye sanduku la bati, na sanduku niliweka chini, na mchwa wa Dodoma hawahitaji kualikwa. Jirani hakuwahi kuwa na kadi, mtoto wake alizaliwa nyumbani. Kwa hiyo tulijua watoto watapimwa kwa sikio: mkono wa kulia unapita juu ya kichwa, ukishika sikio la kushoto umefika umri. Ndivyo tulivyopimwa sisi, ndivyo walivyopimwa kaka zetu. Sikuwa na wasiwasi.

Jumapili nikamsuka. Nilitaka aonekane ana mama. Nikamsuka kwa uzi mweusi, mistari sita, yote nikaipandisha nikaikusanya utosini, ikasimama. Nikamwambia, kesho usiongee ovyo, ukiulizwa ndio ujibu.

Walimu walikaa kwenye kibaraza. Mwalimu msaidizi, mwanaume mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, ndiye alikuwa na daftari. Tulitoa shikamoo. Mbele yetu alikuwa baba mmoja wa mtaa ule na mtoto ambaye meno ya mbele hata hayajaanza kulegea. Akatoa cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha. Mwalimu akakitazama, akaandika, akamwambia mtoto karibu sana. Mtoto yule hakushika sikio lolote.

Wetu wakashika. Mkono wa binti yangu ukapanda, ukakutana na rundo la nywele, ukazunguka, vidole vikaishia juu ya sikio. Akajinyoosha mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Mwakani," mwalimu akasema.

Wa jirani alikuwa amenyolewa kipara. Vidole vikagusa sikio.

"Amegusa," jirani akasema.

"Amegusa ncha. Tunataka alishike."

"Alishike alipeleke wapi, mwalimu?"

Wazazi nyuma yetu wakaangua kicheko. Mwalimu akatabasamu. "Mwakani, mama. Bado wadogo, wasije wakalia darasani."

Njiani jirani alikuwa anaongea peke yake. "Kule Buigiri watoto wasioona wanafuatwa hadi vijijini waje wasome. Huyu wangu ana macho mawili na sikio amegusa, anarudishwa akacheze." Binti yangu akanivuta kitenge.

"Mama, nywele zilinizuia."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema nisiongee."

Nilimkalisha chini nilipofika, nikafumua uzi, nikamnyoa kwa wembe kabla sijavua viatu. Alilia kidogo. Nikamwambia weka mkono. Akashika sikio lote, mpaka kwenye shavu. Niliketi hapo ua mzima ukiniona na nikajihesabia kosa hilo kuwa langu, peke yangu, kwa usiku mzima na asubuhi yake. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niligundua kwamba walinipa kosa hilo nilibebe wakijua halikuwa na uzito.

Kesho yake nikarudi na mtoto mwenye kipara.

"Jana mkono haukufika, leo umefika," mwalimu akasema. "Huko kwenu wanakula nini usiku?"

"Mlenda na ugali wa uwele, mwalimu. Shika sikio, mwanangu."

Akashika. Mwalimu akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaomba barua ya balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nayo, balozi wetu alikuwa ameniandikia vizuri kabisa, na muhuri. Aliisoma mpaka kwenye mtaa, akaikunja, akanirudishia.

"Mtaa huu si wetu, dada."

"Jana hukuomba barua."

"Jana sikutaka kukuudhi." Akashusha sauti. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lilinitia hasira, kwamba sikupata hata mtu mbaya wa kumchukia. "Sikiliza. Nimeambiwa niandike watoto wa viwanja vyenye namba. Nikimwambia mzazi kwamba mtaa wake haumo, ananitukana, anakwenda kwa diwani, mimi naitwa. Nikimwambia mtoto ni mdogo, anaondoka kwa amani. Mwakani anakwenda kwingine. Hilo sikio linatusaidia wote."

"Madawati ya nyuma ni matupu. Nayaona kila siku."

"Hayo yana wenyewe. Hawajafika tu."

Nikamwuliza, mtoto wa mtaa mwingine akiishi na ndugu yake hapa, je? Akasema huyo ni wa hapa. Akaitazama kalamu yake. Sijui kama alinifungulia mlango au alinijibu swali tu.

Mama niliyekuwa nampigia pasi alikuwa mtumishi wa ofisi moja kubwa, mtu wa Kaskazini, mume wake na watoto wako Dar es Salaam. Nilimwambia nikiwa nakunja mashuka, ili nisimtazame. Hakunikatisha. Nilipomaliza akanyanyua kalamu.

"Namba ya kiwanja unaijua?"

"Naijua, naiona mlangoni."

"Andika anaishi kwangu. Mimi shangazi yake. Lakini nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu. Ni huyu mmoja tu. Nisije nikaamka nimegeuzwa bweni."

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka mno. Balozi wa mtaa wao aligonga muhuri huku anasikiliza mpira redioni, na mwalimu msaidizi akaandika jina la mwanangu bila kuniangalia. Njiani nikamfundisha: ukiulizwa unaishi wapi, unaishi kwa shangazi, nyumba yenye geti la kijani. Ukiulizwa mama yako, sema yuko safari. Akauliza, "Safari ya wapi?" Nikasema, ya popote. Mume wangu, ambaye kweli alikuwa safarini na malori, aliporudi alisema nimefanya vizuri, akauliza chakula.

Sikupigania haki siku ile. Nilipigania mtoto wangu. Ni vitu viwili na nilijua hivyo.

Jioni ile ile jirani aliniona nashona sare.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Umefanyaje?"

Hapa ndipo ningeweza kusema. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi moja, tumewasha jiko moja kwa kuni zake. Nikaona geti la kijani, nikaona mama yule akinyanyua kalamu, nikaona jina la mwanangu likifutwa kwa sababu na jirani naye kaenda kuomba, na jirani wa jirani. Nikasema, "Nilimnyoa tu. Mkono ukafika."

"Wangu si kipara?"

"Si umesikia alisema ncha? Mfanyishe mazoezi. Atafika."

Aliniamini. Kuanzia siku hiyo, kila jioni, binti wa jirani alisimama katikati ya ua na kuvuta mkono juu ya kichwa, mama yake akimhesabia mpaka kumi, huku akimshikilia kiwiko. "Vuta. Vuta, mwanangu, kuna shule huko." Mtoto alikuwa anacheka mwanzoni. Baadaye akaacha kucheka na akawa analishika sikio vizuri kuliko mtoto yeyote wa Dodoma, analishika lote, analikunja. Binti yangu alikuwa anamtazama akiwa na sare mpya na hasemi kitu, maana nilimkataza. Mimi nilikuwa napepeta mchele ndani ya nyumba, mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Jirani na binti yake walirudi shuleni pale mara mbili. Mara ya kwanza waliambiwa kuandikisha kumesimama kwa muda. Mara ya pili mwalimu msaidizi hakuwepo, akatumwa mwalimu wa kike kuwaambia mtoto bado mdogo. Jirani akasema mpime. Yule mwalimu akasema hana ruhusa ya kupima.

Siku hiyo aliporudi hakwenda kwake. Alikuja mlangoni kwangu akasimama. Nilijua ameshajua, kwa sababu hakunisalimia. Watoto walikuwa wamecheza mchezo wa nyumba, na wangu alikuwa amemwelekeza mwenzake jinsi ya kufika kwa shangazi, geti la kijani.

"Ungeniambia tu hapana," jirani akasema. "Ungesema, nimepata mlango, hauingii watu wawili. Ningekasirika siku mbili. Mtoto wangu nisingemvuta mkono mwezi mzima."

Nikamwambia, "Samahani, mwenzangu."

"Samahani yako haina kiwanja," akasema, akaenda kuteka maji.

Januari ilifika. Wetu wawili walitoka kwenye ua mmoja, wangu akaelekea tambarare, wake akaelekea korongo na wenzake. Wiki ya pili maji yalishuka. Watoto wakubwa walivuka wakishikana mikono, wadogo wakarudi. Jirani akamwondoa wake shule mpaka mvua zitakapokwisha, na mvua zilipokwisha jina lilikuwa limekatwa kwenye rejesta kwa utoro. Mtoto wa miaka saba akaitwa mtoro. Nikajitolea kumfundisha jioni, a e i o u na kuhesabu. Jirani alikubali, hakuwa mtu wa kumnyima mtoto kitu kwa ajili ya hasira zake. Alimleta na kigoda chake mwenyewe mpaka mlangoni, halafu anaondoka. Mtoto alikuwa mwepesi. Alimpita wangu kusoma.

Ni jirani ndiye aliyeanzisha barua ya kumwomba ofisa wa elimu darasa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, mtaa wetu wote na ule wa juu yetu, akaomba wazazi waseme watoto walio na umri wa shule na hawana pa kwenda, au wanavuka korongo. Wazo lake lilikuwa rahisi: darasa moja litolewe magunia, ukuta tutaukarabati wenyewe, watoto wa darasa la kwanza na la pili wasomee hapo. Watu walimcheka mwanzoni, kisha wakampa majina ya watoto. Hata mama mkwe wangu alizunguka naye, akiwaambia watu kwamba maji ya matofali yale yalipita juu ya kichwa chake.

Akaja kwangu na karatasi na kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye ngazi yangu tangu siku ile.

"Wewe una kidato cha nne. Andika kwa lugha ya ofisini. Waone kwamba huku nako kuna watu."

Niliandika vizuri. Sijawahi kuandika vizuri vile, hata kwenye mtihani. Niliandika kuhusu korongo, kuhusu ufa na magunia, kuhusu madawati yanayosubiri watu wasiofika. Nilimsomea, akanirudisha mahali pawili, akasema hapo umewabembeleza mno, toa. Nikatoa. Kisha tukaanza orodha ya watoto, yeye anasoma majina, mimi naandika na namba pembeni. Binti yake alikuwa wa kwanza.

"Wako nimweke namba ngapi?" akauliza.

Nikaendelea kunyoosha mstari ambao ulikuwa tayari umenyooka. Kwenye daftari la shule mwanangu hakuwa mtoto wa mtaa huu. Barua ile ingepita kwa ofisa wa elimu, na ofisa ana madaftari ya shule zote.

"Usimweke," nikasema.

Hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa anahesabu na hesabu imekuja alivyotarajia. "Wewe ni wa sita," akasema. "Yule wa duka la mafuta ya taa wawili wake wako kwa mjomba. Balozi mwenyewe, mjukuu wake ana baba mwingine huko mtaa wa watumishi. Wote wamenipa chai, wote wameniambia niendelee na moyo huo huo, majina hawana."

Na sahihi yangu pia sikuweka. Barua nzima ni mwandiko wangu, na mimi simo.

Majibu yalichukua muda. Yalikuja kwa balozi, yamepigwa chapa, mazuri, yenye kushukuru moyo wa wazazi wa Chang'ombe. Yalisema kwamba ombi limepokelewa na kujadiliwa, lakini kwa mujibu wa orodha iliyoambatanishwa, watoto waliopo hawafikii idadi ya kufungua darasa.

Balozi aliyasoma kwa sauti mbele ya watu. Alipofika hapo kwenye idadi alikohoa, akaomba maji. Nilitazama chini. Nilipoinua macho niliona wengine wanaotazama chini, na nikawahesabu, na nadhani tungetosha.

Binti wa jirani aliandikwa upya mwaka uliofuata, shule ya ng'ambo. Hakuna aliyempima sikio, huko wanapokea kila mtu, wanakaa sakafuni. Wangu sasa yuko darasa la tatu, anakaa dawati la nyuma, na kwenye mkutano wa wazazi anaitwa shangazi yake kusaini. Mimi nasubiri nje ya geti na wasichana wa kazi wengine. Mdogo wake atafikisha saba mwakani, na nimeshamwambia jirani amweke kwenye orodha mpya, jina la mtoto na jina langu. Ameniandika. Kisha akauliza, "Na yule mkubwa?" Nikamwambia nipe siku mbili. Leo ni ya nne, na asubuhi tulipokutana bombani aliniachia zamu yake ya maji bila kuniuliza kitu.